Mabegi mawili na cherehani ya mama: unaolewa Ujerumani, ubebe nini?

*“Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, upande wa Buzuruga, nina miaka 31. Mungu akipenda, katikati ya Machi mwakani nafunga ndoa ya serikali Ujerumani, mji wa Würzburg. Mchumba wangu ni Mjerumani, anaishi kwenye fleti ya vyumba viwili. Yeye anasema nije na nguo zangu tu, kila kitu kipo. Mama na mashangazi wanasema mwanamke haingii kwa mume mikono mitupu. Sendofu ni mwanzoni mwa Januari na wameshatangaza friji, jiko la gesi, godoro na seti za vyombo. Kaka yangu amepata mtu wa kontena Dar. Tiketi inaniruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Nina cherehani ya pedeli aliyoninunulia mama nilipomaliza ufundi, ndiyo imenilisha miaka yote. Tena naambiwa dagaa na vyakula vyote vinatupwa uwanja wa ndege, na vyeti halisi nimwachie mama, nibebe kopi. Kila siku kuna mtu ananiambia jipya. Usiku nalia. Nibebe nini, niache nini?”*

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, halafu azima mizani, kwa sababu sehemu kubwa ya hili linalokuliza inapimika.

Nimekuwa wakala wa forodha na mizigo hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka 20, na mabinti waliopita ofisini kwangu wakienda kuolewa nje siwezi tena kuwahesabu. Wengi walikuja kama wewe, wamezungukwa na watu wanaowapenda, na kila mmoja anajibu swali lake. Mchumba wako anajibu kama kitu kinapatikana kule. Mashangazi wanajibu kama utaheshimika. Kaka anajibu kama mzigo utafika. Hakuna aliyekosea kwenye swali lake. Lakini wewe unakwenda kuishi ndani ya nyumba yenye vijiko, mapazia na mazoea ya mtu mwingine. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kubeba nitakipima hivi: kinakupa nafasi ndani ya nyumba ile, au kinajaza nafasi tu?

Tuanze na kontena, maana ndilo lenye pesa nyingi na maumivu mengi.

Mzigo wako hautapanda meli Mwanza. Utashuka kwa lori hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100, na hiyo ni gharama ya kwanza. Dar utaingia kwenye kontena la kuchangia, na huko hawapimi kilo kwanza, wanapima ujazo. Sisi mawakala tunasema sibiemu, yaani mita moja ya ujazo: boksi la mita moja kwenda juu, mita moja upana, mita moja urefu. Friji ya kawaida ikiwa ndani ya boksi lake, sentimita 60 kwa 60 kwa 150, ni zaidi ya nusu sibiemu. Godoro la futi sita kwa sita la inchi nane ni karibu theluthi mbili. Ongeza jiko na maboksi ya vyombo, unakaribia sibiemu mbili kabla hujaweka kitu chako mwenyewe hata kimoja. Na bei anayokutajia mtu wa Dar mara nyingi inaishia bandarini Hamburg. Kupakua, kufungua kontena, wakala wa kule, ghala, na gari la kutoka Hamburg hadi Würzburg iliyoko kusini, hayo yote analipa mpokeaji, na mpokeaji ni mume wako mtarajiwa. Nilimfungashia binti mmoja mzigo kama huu. Karatasi zilichelewa wiki chache, ghala likawa linahesabu siku, na bili iliyokuja ikawa kubwa kuliko thamani ya vyombo. Ugomvi wao wa kwanza wa ndoa ulikuwa juu ya hotpoti. Sikusahau, na tangu siku hiyo simfungashii bibi harusi kontena kabla sijaona bei ya upande wa pili kwa maandishi.

Kaka akisema basi tutume kwa ndege, mwonyeshe hesabu hii. Mizigo ya ndege hulipiwa uzito au ujazo, kile kinachozidi. Ujazo unapatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Boksi la mito na mashuka la sentimita 60 kwa 50 kwa 50 linaweza kuwa na kilo sita tu mizanini, lakini utalipia kilo 25.

Hayo niliyosema yasikufanye udhani kwamba kutuma mzigo ni kosa siku zote. Kuna jambo ambalo karibu hakuna anayewaambia mabinti wanaoolewa Ulaya. Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 1186 ya mwaka 2009, yenye kipengele maalumu cha ndoa. Mtu aliyeishi nje ya Umoja huo kwa miezi 12 mfululizo au zaidi, akihamia kwa sababu ya kuolewa au kuoa, anaweza kuingiza vitu vyake vya harusi na vya nyumbani bila ushuru wa forodha, hata kama ni vipya. Zawadi za harusi nazo zinaingia, mradi kila zawadi thamani yake isizidi euro 1,000. Dirisha lake ni miezi miwili kabla ya tarehe ya ndoa hadi miezi minne baada yake. Kwako ni katikati ya Januari hadi katikati ya Julai. Wajerumani wanaita mzigo huu *Heiratsgut*, na mchumba wako akipiga simu forodha ya kwao, yaani *Zoll*, alitaje neno hilo hilo.

Mambo matatu ya kushika hapo. Msamaha hauji wenyewe. Unaombwa, kwa orodha ya vitu na uthibitisho wa ndoa au wa tarehe iliyopangwa, na mzigo ukitangulia kabla hamjafunga ndoa wanaweza kudai dhamana. Vitu vilivyoingia kwa msamaha haviuzwi wala kuazimishwa kabla ya miezi 12 kupita bila kuwaarifu. Na msamaha unafuta ushuru tu: meli, ghala na lori vitalipwa vilevile. Kwa hiyo friji inaweza kuingia bila ushuru na bado ikawa friji ya gharama kubwa kuliko zote mtakazowahi kumiliki.

Dhahabu iko humo humo. Mashangazi wakikuvika mkufu na bangili siku ya sendofu, usipite nazo mlango wa kijani wa forodha, ule wa wasio na cha kutaja, ukidhani vilivyo mwilini havionekani. Msafiri wa ndege anayeingia Ulaya anaruhusiwa vitu vipya vya thamani ya euro 430 tu bila kutozwa. Ukizidi, pita mlango mwekundu, ule wa wenye cha kutaja, onyesha risiti na picha za sherehe, eleza kwamba ni zawadi za ndoa. Ukitangulia kusema unasikilizwa. Ukikamatwa hujasema, unatozwa na faini juu.

Sasa hivyo vyombo vya sendofu.

Kabla sijasema la heshima, niseme la jiko, maana linaamua mengi. Mpigie mchumba wako simu ya video, mwambie aende jikoni aelekeze kamera kwenye jiko. Nyumba nyingi za Ujerumani zinapikia umeme, na majiko mengi mapya ni ya induksheni, yanayopasha chombo kwa nguvu ya sumaku. Sufuria zetu za alumini, hata zile nzuri ukanunua dazeni, hazipati moto juu ya jiko hilo. Unaweka sufuria, unawasha, jiko linalia au linajizima. Jaribu kwa sumaku: ikinata kwenye kitako cha sufuria, itapika, isiponata, iache Mwanza. Hata kama jiko lake ni la kioo la kawaida, sufuria yenye kitako kilichobonyea haitagusa vizuri na ugali utaungua upande mmoja. Jiko la gesi la sendofu lisisafiri kabisa. Kule kifaa cha gesi hakiunganishwi na mtu yeyote tu, kinataka fundi anayetambulika, na huenda fleti yenyewe haina bomba la gesi.

Umeme wenyewe usikutishe. Kule ni volti 230 kama hapa, tofauti na Marekani. Kinachotofautiana ni umbo la plagi: zetu za pini tatu nene haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara. Adapta mbili zinatosha.

Mashangazi nawaelewa, mwanangu, na nakuomba usiwabeze hata moyoni. Wanaposema usiingie mikono mitupu, hawasemi habari ya friji. Wanakumbuka wanawake walioambiwa “ulikuja na nini hapa?” siku ya ugomvi. Wameona, na hofu yao ina sababu. Lakini swali hilo la ugomvi halijibiwi na godoro. Linajibiwa na jina lako kwenye mkataba wa nyumba, pesa yako kwenye akaunti yako, na kazi ya mikono yako. Nitafika huko.

La kufanya ni kuwahi kamati kabla ya Januari. Usiende mwenyewe kupinga zawadi, utaonekana umeanza kiburi cha Ulaya. Mtafute yule shangazi ambaye neno lake linasikilizwa, kaa naye peke yake, mpe hesabu ya sibiemu na habari ya jiko, halafu yeye ndiye aseme kikaoni. Friji abaki nayo mama, na itamkwe mbele ya watu kwamba ni zawadi ya binti kwa mama yake. Hiyo ni heshima kwa pande zote. Vyombo vizuri viandaliwe chumba chako nyumbani, maana utakuja na mume na pengine watoto, na utataka kuwapikia kwa vyombo vyako. Anayetaka sana kukupa kitu cha kusafiri nacho akupe kitenge, kanga, shuka jepesi, au pesa. Ukibeba pesa taslimu, jumla ikifika euro 10,000 au zaidi lazima uitaje forodha kule, na kutoka Tanzania nako kuna wajibu wa kutaja zikizidi dola 10,000.

Kanga na vitenge beba kwa moyo mweupe. Ni vyepesi, vinakunjwa, vinazungushia vitu vingine visivunjike, na kwa fundi kama wewe ni mtaji. Lakini vipande arobaini vya kitenge kimoja, vipya, vikiwa na lebo, vinaonekana kama biashara, na biashara ina ushuru wake. Changanya rangi, osha baadhi, weka kiasi kinachoelezeka kuwa ni cha mtu mmoja.

Nguo za baridi, hapana. Najua watakupeleka Mlango Mmoja kuchagua makoti ya mitumba. Chukua moja tu, la kuvaa mwilini siku ya safari, maana koti ulilovaa halipimwi. Machi kule bado ni baridi na usiku joto linaweza kushuka hadi sifuri. Mengine utanunua hukohuko ukishajua mwili wako unavumilia nini, na viatu vya majira ya baridi hasa vijaribiwe dukani kule, pamoja na soksi zake. Nafasi ya makoti manne iweke nywele za kusuka, mafuta unayotumia, na nguo moja kamili ya heshima ya nyumbani, ya kuvaa siku ukweni watakapokuita. Mabinti huisahau hii, halafu siku hiyo wanavaa jinzi na kujisikia wameazima ngozi.

Kuhusu chakula umeambiwa nusu ya ukweli. Nyama na maziwa ndivyo vinavyokatazwa kwa msafiri anayeingia Ulaya kutoka kwetu, kwa namna yoyote: nyama kavu, soseji, samli, jibini, mtindi. Usijaribu hata kipande cha nyama alichokaanga bibi. Wanaogopa magonjwa ya mifugo, na mbwa wa uwanjani hadanganywi na foili. Samaki ni habari nyingine kabisa. Msafiri anaruhusiwa samaki na mazao ya samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake, wakavu wakiwemo. Kwa hiyo dagaa wako wanaingia. Nenda Mwaloni Kirumba, chagua waliokaushwa kwenye chanja, si wa mchangani, watoe vichwa, wakaange bila mafuta wapoe kabisa, kisha wafunge kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukaza na uizungushie utepe. Upande wetu waone maofisa wa uvuvi kabla ya siku ya safari, uwaulize karatasi gani inatakiwa kwa kitoweo kinachotoka nchini. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, usiguse, hayo ni biashara ya nje yenye vibali vyake.

Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Matunda mabichi, mboga mbichi na mbegu za kupanda vinahitaji cheti cha afya ya mimea, na orodha ya visivyohitaji cheti inachekesha kwa ufupi wake: nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Embe za bibi zibaki. Mbegu za mchicha nazo zibaki, hata kama zimefichwa kwenye bahasha ya barua. Unga, pamoja na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa sawasawa, si matunda mabichi, yafunge safi bila udongo na uyaonyeshe ukiulizwa. Ningeweka matobolwa kabla ya unga wa ugali. Unga wa mahindi utaupata kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia, matobolwa, hapana.

Zawadi kwa wakwe: vinyago vya mpingo havina shida vikiwa vimekamilika na mbao yake haizidi kilo 10. Kitu chochote cha pembe ya ndovu, ngozi ya chatu, gamba la kobe au kucha za simba kisikaribie begi lako, hata kama ni urithi wa babu mganga. Hapo hatuzungumzii ushuru tena, tunazungumzia mashtaka.

Nimefika kwenye vyeti, na hapa nakusemesha kwa ukali kidogo. Aliyekuambia umwachie mama vyeti halisi anakupenda, ila amekosea. Kule kopi peke yake haifungui mlango. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, hati ya kuonyesha hujaolewa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi, cheti cha lugha, kadi ya chanjo, leseni ya udereva kama unayo, vyote halisi, viwe kwenye begi la mkononi. Kamwe visiingie begi la chini ya ndege, kwa kuwa begi hilo linaweza kubaki Dar au kwenye uwanja wa kuunganishia. Mama mwachie kopi zilizothibitishwa, na picha za kila ukurasa zikae kwenye barua pepe yako. Ndani ya wiki mbili za kuhamia utatakiwa kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, na msajili wa ndoa ataomba karatasi ambazo zingine zinataka tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Leseni ya hapa utaitumia miezi sita ya kwanza ya ukaazi, baada ya hapo utafanya mitihani yao. Cheti cha ufundi usikidharau. Siku ukitaka kutambulika kama fundi nguo, ndicho kitaanza mazungumzo.

Kwenye bahasha hiyohiyo weka vitu viwili ambavyo mashangazi watavielewa vizuri kuliko friji. Cha kwanza ni pesa ya tiketi ya kurudi, kwa jina lako, ambayo hakuna anayeigusa. Cha pili ni maarifa. Kibali cha ukaazi cha mke huanza kikitegemea ndoa. Kwa kawaida, baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kule kama mume na mke unapata haki ya kukaa kwa jina lako mwenyewe, na kukiwa na ukatili sheria inaruhusu hata kabla ya hapo. Ipo namba ya bure ya kuwasaidia wanawake, 116 016, saa 24, kwa lugha nyingi. Iandike kwenye daftari, si kwenye simu tu. Sina sababu ya kumshuku mchumba wako. Hata anayesafiri na dereva mzuri anafunga mkanda.

Dawa zako binafsi unaruhusiwa kubeba za kutosha miezi mitatu. Zibaki kwenye maboksi yake na karatasi ya daktari. Kwa kuwa umekulia kando ya ziwa, nenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando upime kichocho kabla ya kuondoka. Na ukipata homa katika miezi ya kwanza kule, mwambie daktari siku hiyohiyo kwamba umetoka Mwanza na kuna malaria. Daktari wa Würzburg anaweza kudhani una mafua tu. Miji yetu miwili ni ndugu tangu 1966, lakini mbu hawakuwekwa kwenye mkataba.

Kuna maswali yasiyojibika kwa maandishi kama haya. Mambo ya viza na hati za ndoa yamalizie ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam pamoja na msajili wa ndoa wa Würzburg, maana kila ofisi ina orodha yake. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, au una mtoto utakayemfuata baadaye, ona mwanasheria ana kwa ana kabla hujasaini chochote. Na kama mchumba atataka akutunzie pasi yako ya kusafiria, au asiseme wazi unakwenda kulala kwenye nyumba ya nani, simamisha safari uje tukae na wazee wako.

Nimeiacha cherehani mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwangu ndiyo jibu la swali lako.

Ibebe. Si meza, wala pedeli, kichwa chake. Vichwa vya chuma vya cherehani za pedeli huwa na kilo 10 na zaidi, kwa hiyo kitakula karibu nusu ya begi moja, na mtu atakuambia cherehani mpya za umeme zimejaa Ujerumani. Ni kweli zimejaa. Lakini pima kwa kipimo chetu. Friji ikifika kwenye fleti ile itasimama pembeni ya friji nyingine. Cherehani ikifika, itafungua kona yako. Mume atajua saa zako za kazi, jirani ataleta suruali ya kupunguza, na ukweni wataacha kukutambulisha kama mgeni kutoka Afrika, watasema huyu ni fundi. Nimewaona mabinti waliokwenda na vyombo vingi wakakaa mwaka mzima hawana la kufanya kwa mikono, wakanyong'onyea. Meza ya pedeli mtaitafuta hukohuko. Wajerumani walitengeneza cherehani za chuma kwa miaka mingi, na miguu yake ya zamani huuzwa mitumba, wengine wameigeuza meza za maua. Pima urefu na upana wa kitako cha kichwa chako, na umbali kati ya matundu ya bawaba, umtumie mchumba vipimo aanze kutafuta sasa. Mwambie pia akutengee rafu moja jikoni, nusu ya kabati, na kona yenye dirisha. Jinsi atakavyopokea ombi hilo itakueleza mengi kuliko “njoo na nguo tu”.

Kama tiketi ya Mwanza hadi Dar umeikata mbali na ile ya kimataifa, kilo za ndege ya ndani ndizo zitakazokuhesabia kipande hicho. Uliza mapema, au unganisha tiketi.

Kufungasha: toa sindano, bobini na nyumba yake, mguu wa kukanyagia kitambaa, na ule mkono unaovuta uzi uzungushie pamba. Futa mafuta yote, kiache kichwa kilale juu ya gazeti siku mbili ili yaliyobaki yachuruzike, vinginevyo kanga zako zitafika na madoa. Gurudumu lifunge kwa kitambaa lisizunguke. Tandika vitenge chini ya begi unene wa viganja viwili, laza kichwa katikati, kisha jaza kanga kila upande mpaka ukitikisa usisikie kitu. Mkasi, sindano na futi ya chuma viingie humo humo, visiende begi la mkononi. Mwiko wa mama upenyeze pembeni, unaingia.